Dirisha la Jumatatu

Kila Jumatatu, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mwanamke mmoja alikuwa akiketi nyuma ya kioo cha dirisha namba mbili, akiweka mikono yake mezani na kusubiri kutukanwa. Hakuwa amemkosea mtu. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia watu vitu vyao.

Duka lenyewe liliuza vyombo vya umeme, na nyuma yake, ukipita majokofu na kukunja kona, kulikuwa na sehemu ya matengenezo yenye madirisha mawili. Dirisha namba moja uliacha kitu kibovu. Dirisha namba mbili ulikuja kukichukua. Kati ya hayo mawili, nyuma ya pazia la nailoni, aliketi fundi mmoja na meza moja na vitu vibovu visivyopungua arobaini. Mpangilio huo ulibuniwa na mtu ambaye, ni wazi, hajawahi kupeleka pasi yake popote.

Wenzake walimwita Bi Kimya. Jina halikuwa na ubaya ndani yake, lilikuwa na uvivu tu. Miaka tisa ya mwanzo alifanya kazi kwenye stoo ya vipuri, na huko alikuwa na furaha kwa kiasi ambacho mtu anaweza kuwa na furaha katikati ya mota za feni. Alijua kila kasha liko wapi hata umeme ukikatika. Kisha, miaka miwili iliyopita, stoo ikafungwa, vipuri vikawa vinaagizwa kwa kompyuta kutoka mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona, na meneja akamwita ofisini.

"Tumekupandisha," alimwambia. "Sasa utakuwa unakutana na watu."

Alilisema kama mtu anayetoa zawadi.

Si kwamba Bi Kimya alikuwa hana maneno. Alikuwa nayo tele, ila yalikuwa na tabia ya kuchelewa. Mteja akimrushia neno saa tatu, jibu lake lilifika saa tano, limejipanga vizuri, lina mwanzo na mwisho, na mteja alikuwa ameshafika kwao. Sauti yake nayo ilikuwa ndogo. Akipokea simu, watu walisema "haloo, haloo" mara tatu, wakakata. Na uso wake ukitulia, ulikaa vile ulivyokaa, basi kila siku kulikuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini amenuna. Hakuwa amenuna. Baada ya kuulizwa, ndiyo, alikuwa amenuna.

Dirisha namba moja alikaa Asali. Huyu alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooka, meno yamepangika kama vigae, na ulimi ambao haukuwahi kukosa pa kukanyaga. Kila mteja alikuwa ndugu yake. Akija mama mtu mzima ni mama mkubwa, akija mwanamume mnene ni mjomba, akija mwenye haraka ni shemeji.

"Hii nayo umeibeba mpaka hapa, mama mkubwa? Hii ni jambo dogo. Wewe Jumatatu njoo uchukue. Ukikuta haijawa tayari, niite mbwa."

Mama mkubwa anacheka, anaacha blenda yake, anaondoka mwepesi. Asali anaandika kwenye kadi, kwa mwandiko mkubwa wa kujiamini: *Kuchukua: Jumatatu.* Hakuwahi kumuuliza fundi. Hakuwahi hata kuifungua ile blenda. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwita mbwa, kwa sababu Jumatatu ikifika watu walikuwa dirisha namba mbili.

"Nani kasema Jumatatu?" fundi alikuwa akiuliza kila Jumatatu kutoka nyuma ya pazia, bila kuinua kichwa. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na alizungumza zaidi na vifaa kuliko na watu. Kila kilichofika mezani kwake alikikagua siku hiyo hiyo, akaandika kwenye kikaratasi muda utakaohitajika, wiki tatu, mwezi, hakitengenezeki, akakibandika ubavuni mwa kitu. Vikaratasi hivyo vilisomwa na mtu mmoja tu, naye ndiye ambaye hakuna aliyemsikia.

Mambo yangeweza kwenda hivyo hadi kustaafu, lau meneja asingepelekwa kwenye semina ya siku mbili. Alirudi na visanduku viwili vyenye nyuso. Kila kimoja kilikuwa na vitufe vitatu: uso wa kijani unaocheka, wa njano unaofikiria, na mwekundu ambao ama unalia ama umekasirika, mchoraji hakuamua. Kisanduku kimoja kilifungwa kwa skrubu mbele ya kila dirisha. Mteja akimaliza shida yake, abonyeze anavyojisikia.

Dirisha la kwanza watu walijisikia vizuri sana, kwani walikuwa wametoka kuahidiwa. Dirisha la pili ndiko ahadi zilikokuja kufia.

Kwenye kikao cha asubuhi meneja alisimama na grafu. "Dirisha la kwanza, asilimia tisini na moja kijani. Tumpigie makofi mwenzetu."

Wakapiga. Asali akainama kidogo, mkono kifuani.

"Dirisha la pili." Hakusoma namba. Aliigeuza karatasi kuelekea kwao, taratibu, kama daktari anayeonyesha picha ya mapafu. Kisha akaeleza kwamba mikataba ya wahudumu wa madirisha inaisha mwisho wa mwezi, na kwamba ambaye nusu ya nyuso zake ni nyekundu, wake hautaongezwa. Alisema "ambaye", kama vile kulikuwa na wengi wa kuchagua.

"Una la kusema, Bi Kimya?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa na sehemu tatu na mifano. "Hapana," akasema.

"Mnaona? Hilo ndilo tatizo lenyewe."

Akaletewa mkufunzi. Mkufunzi alimpa kioo kidogo na kumfundisha tabasamu la meno manane. "Jione kama unaongea na mtu unayempenda," alimwambia. Bi Kimya alijaribu. Lakini watu aliowapenda hakuwa akiwaongelesha sana pia, ndiyo maana walipendana.

Nyumbani aliishi na shangazi yake, dada wa baba yake, kwenye vyumba viwili juu ya ngazi ndefu. Shangazi aliongea kama bomba lililosahauliwa wazi: akiwa jikoni, akiwa anaoga, akiwa chumba cha pili mlango umefungwa. Alikuwa amejiwekea desturi ya kuuliza maswali na kuyajibu mwenyewe, kwa kuwa alijua anaishi na nani.

"Wamekufanya nini leo?"

"Hakuna."

"Hakuna ya jana au hakuna mpya?"

Bi Kimya akamweleza kuhusu mkataba, kwa maneno tisa.

"Tafuta kazi nyingine basi," shangazi alisema, kisha akajijibu, "Lakini kutafuta kazi ni usaili, na usaili ni kuongea. Wewe utakaa mbele ya wale watu watatu kama umeitwa kutambua maiti." Akakaa, akavuta kiti. "Baba yako alikuwa hivi hivi, mwanangu. Alichumbia kwa barua. Mama yako akadhani amepata mtu wa maneno, kumbe amepata mtu wa karatasi."

Kuhusu karatasi, shangazi alikuwa amegusa pabaya bila kujua.

Kila kitu kilichopokelewa dukani kilifungwa kadi ngumu kwa uzi. Mbele yake iliandikwa jina la kitu, tatizo lake, na siku ya kuchukua. Kitu kikichukuliwa, mhudumu wa dirisha la pili anakata uzi na kutupa kadi. Bi Kimya hakutupa. Aliigeuza, na nyuma yake, kwa penseli, aliandika jibu ambalo angempa mwenye kitu. Kisha akaitia kwenye kopo la biskuti chini ya meza. Alikuwa na makopo matatu, na la nne lilikuwa limefika katikati.

*Kwa bwana wa redio: Mimi sikukuita mjinga. Wewe ndiye uliyeniita. Naomba tofauti hiyo ikumbukwe.*

*Kwa mama wa blenda: Nilikusikia mara ya kwanza. Mara ya sita ulikuwa unamwambia nani?*

*Kwa kijana wa spika: Meza hii ukiipiga haitengenezi kitu. Kama ingekuwa inatengeneza, fundi angekuwa anaipiga yeye.*

Mtu angeyasoma angeshangaa kwamba yametoka kwa mwanamke yule mwenye sweta la kijivu. Lakini hasira haihitaji sauti ili ikae ndani ya mtu. Inahitaji nafasi tu, na yeye alikuwa na nafasi kubwa.

Siku chache kabla ya mwezi ule wa mkataba kuanza, alikuwa amekuja mshonaji. Aliacha cherehani yake ya umeme, na Asali akamwambia ni jambo dogo, dada yangu, Jumatatu. Jumatatu ya kwanza alifika dirisha la pili, akaambiwa bado. "Sawa," akasema. Hakuwa mtu wa makelele. Jumatatu ya pili alipitia kwanza kwa Asali, ambaye alishika kichwa, akasikitika naye, akamwambia ile ijayo bila shaka. Kisha akaja kwa Bi Kimya, akasema "sawa" nyingine, ya bei tofauti. Jumatatu ya tatu alieleza kwamba ana mapazia arobaini ya hoteli, yamekatwa, yamekaa kitandani kwake, na yeye analala kwenye kiti.

Jumatatu ya nne hakusema sawa.

"Iko wapi?"

"Bado," Bi Kimya alisema.

"Bado nini?"

"Mkanda haujafika."

"Mkanda. Leo ndiyo nasikia kuna mkanda." Mshonaji aliweka viganja vyote viwili kwenye kioo. "Dada, hoteli wamewapa watu wengine yale mapazia. Jana. Wiki nne nakuja hapa naambiwa Jumatatu. Wewe una mdomo kweli, au wamekuweka hapo kama picha?"

Foleni ikacheka. Upande wa pili Asali alikuwa anamwita mtu fulani shemeji. Bi Kimya alifungua mdomo. Kikaratasi cha fundi kilikuwa nyuma yake, kimebandikwa kwenye cherehani tangu siku ilipoletwa: *Wiki sita. Mkanda uagizwe.* Na hakuna aliyeuagiza, mpaka yeye mwenyewe alipojaza fomu siku mbili zilizopita. Ilikuwa sentensi moja tu. Angeweza hata kuinyooshea kidole.

"Samahani," akasema.

"Samahani yako nitashonea nini?"

Mshonaji akabonyeza uso mwekundu. Akaubonyeza mara tisa, polepole, na kila mara kisanduku kilitoa mlio mdogo wa kushukuru.

Alipoondoka, Bi Kimya alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakusubiri kitu kichukuliwe. Aliivuta kadi ya cherehani ikiwa bado imefungwa kwa uzi wake, akaigeuza, na akaandika kwa kalamu ya wino:

*Si mimi niliyekudanganya. Fundi alisema wiki sita siku ile ile uliyoileta, na karatasi yake iko hapa ubavuni. Aliyekuambia Jumatatu yuko dirisha namba moja, ana meno mazuri, na hajui kama mashine yako ina mkanda. Mimi nilijua. Kwa wiki nne nimekuogopa wewe, ambaye hukunifanya lolote, nikamwacha yeye. Kosa langu ni hilo, na radhi nitakayoomba ni ya hilo tu.*

Kisha mteja mwingine akapiga kioo kwa funguo, na akaisahau.

Jumatano mshonaji alikuja kuondoa mashine yake, ipone isipone. Ilikuwa saa ya chakula. Bi Kimya alikuwa uani anakula peke yake, na Asali alikuwa ameshikilia madirisha yote mawili. Alimpa pole nyingi, akamwita dada, akambebea mashine hadi mlangoni. Hakukata uzi. Hakujua kwamba kuna uzi unaokatwa. Katika miaka yake yote pale hakuwahi kumrudishia mtu kitu.

Alhamisi asubuhi kadi ilikuwa mezani kwa meneja, na mshonaji amekaa mbele yake.

"Nataka kujua kama haya ni kweli," alisema. "Sitaki kingine."

Meneja alimwahidi kwamba suala lake litashughulikiwa katika ngazi ya juu. Ngazi ya juu ilikuwa ni yeye. Mshonaji alipotoka, aliitwa Bi Kimya.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo."

"Unajua kwamba hapa umemchafua mwenzako na umetoa siri za kampuni?"

Bi Kimya aliifikiria siri yenyewe. Ilikuwa kwamba cherehani hutengenezwa kwa muda unaohitajika kutengeneza cherehani.

Meneja hakuwa mtu mkatili. Alikuwa ametoka semina. Alimsukumia karatasi ya kuomba radhi, iliyopigwa chapa. Jumatatu, saa mbili, mbele ya wateja, ataisoma kwa sauti. Mshonaji ataalikwa, ile kadi itaambatanishwa ili kila kitu kiwe wazi. "Ukisoma vizuri, grafu nitaisahau, mkataba nausaini siku hiyo hiyo. Usiposoma, mwisho wa mwezi ni Ijumaa ijayo. Sikutishi. Nakuelekeza."

Jumamosi wakati wa kufunga, Asali alimfuata hadi kwenye ndoano ya makoti. "Dada yangu, mimi na wewe hatuna ugomvi. Ungeniambia tu. Watu wanakuja hapa wamechoka, wanataka matumaini, mimi nawapa. Kuna ubaya?" Na ubaya zaidi ni kwamba alimaanisha. Macho yake yalikuwa masafi kabisa, kama ya mtu ambaye hajawahi kuiona Jumatatu kwa mbele. Akampigapiga begani, akaondoka akiimba kidogo.

Jibu lilimfikia Bi Kimya kwenye ngazi ya tatu ya kupanda kwao: *Unawapa Jumatatu zangu.* Alisimama pale, mkoba mkononi, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, akiikasirikia ngazi tupu.

Jumapili shangazi aliketi kitandani, mikono imekunjwa. "Haya, soma nisikie."

Akasoma.

"Sisikii."

Akasoma tena.

"Naona midomo tu. Lete hapa." Shangazi akaichukua karatasi na kuisoma yeye, kwa sauti iliyowafikia majirani wa chini. "'Mimi, mhudumu wa dirisha namba mbili, naomba radhi kwa kushindwa kwangu kutabasamu, kwa kuwanyima wateja wetu wapendwa maneno ya faraja, na kwa kumsingizia mwenzangu ambaye...'" Akasita. Akairudia sehemu hiyo kimoyomoyo. Kisha shangazi akanyamaza, na kwa kuwa jambo hilo halijawahi kutokea tangu wahamie pale, Bi Kimya alimtazama kuhakikisha hajaugua.

"Usiposoma?" shangazi aliuliza baadaye.

"Mkataba umekwisha."

"Ukisoma?"

"Ninao."

Shangazi aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mezani, akaweka kikombe juu yake. "Chakula kinapoa," akasema.

Jumatatu foleni ilifika hadi kwenye majokofu. Meneja alikuwa ameleta kipaza sauti kinachotumika kutangaza punguzo, pamoja na spika yake yenye magurudumu. Mshonaji alisimama karibu na nguzo, cherehani yake miguuni, ameirudisha kwa kuwa hakuna fundi mwingine aliyekuwa na mkanda. Asali alikuwa nyuma ya kioo chake, uso umejaa msamaha ambao hakuna aliyemwomba bado.

"Wateja wetu wapendwa," meneja alianza, "mwenzetu ana neno." Akampa kipaza sauti.

Bi Kimya hakuwahi kuisikia sauti yake ikiwa kubwa. "Mimi," alisema, na *mimi* ikatoka kwenye spika, ikagonga ukuta wa nyuma, ikarudi. "Mhudumu wa dirisha namba mbili. Naomba radhi kwa."

Akaishia hapo. Si ujasiri uliomsimamisha. Aligeuza karatasi ili avute pumzi, akaiona ile kadi iliyobanwa nyuma yake kwa klipu, upande wa mbele ukimtazama, na huo haukuwa hotuba. Ulikuwa orodha. Orodha alikuwa amezisoma miaka tisa stoo.

"Cherehani ya umeme," akasoma. "Haizunguki. Kuchukua, Jumatatu. Fundi aliandika wiki sita. Mkanda umeagizwa wiki ya nne."

Meneja alitabasamu kama mtu anayesikia kinanda kimekosea noti. Bi Kimya alikuwa ameshageukia rafu.

"Feni ya meza. Kuchukua, Jumatatu. Fundi aliandika mwezi mmoja. Pasi ya mvuke. Kuchukua, Jumatatu. Fundi aliandika haitengenezeki, mwenyewe aambiwe. Hakuambiwa. Redio ya kijani. Kuchukua, Jumatatu. Fundi hajaifikia."

"Bi Kimya, inatosha."

"Bado thelathini na nane," alisema, na kwa kuwa alisahau kuondoa kipaza sauti, duka zima likajua kwamba bado thelathini na nane.

"Soma yangu," mtu alisema kutoka nyuma. "Birika. Birika jeupe."

"Birika jeupe. Kuchukua, Jumatatu. Fundi aliandika lilikuwa zima, tatizo ni soketi ya kwao. Limekaa hapa wiki tatu."

"Wiki tatu nachemshia maji kwenye sufuria," yule mtu alimwambia jirani yake, kwa upole wa kutisha.

Sauti ya Bi Kimya haikupanda. Ilibaki pale pale, ndogo na kavu, ila sasa ilikuwa na mashine ya kuibeba, na watu wakasogea ili wasipitwe. Kadi zikawa zinagongana mikononi mwake, na yeyote aliyedhani ni woga hakuwa karibu vya kutosha kuona taya lake. Blenda, Jumatatu. Pasi, Jumatatu. Spika, Jumatatu. Fundi alitoka nyuma ya pazia na kusimama, miwani mkononi, anasikiliza vikaratasi vyake vikisomwa kwa mara ya kwanza. Na foleni, bila mtu kuiamuru, ikaanza kujikunja kama mkanda uliotoka kwenye gurudumu lake, mbele ikawa nyuma, hadi yote ikawa dirisha namba moja.

"Jamani, ndugu zangu," Asali alisema. "Wapendwa. Mama mkubwa." Akatafuta neno linalofuata. Lilikuwa *Jumatatu*. Lakini leo ilikuwa ndiyo Jumatatu, na halikuwepo lingine.

Mama mmoja mtu mzima, mwenye mkoba wa kamba, aliinama kwenye tundu la kioo. "Mwanangu, uliniambia nikuite mbwa. Siwezi, umri wangu hauniruhusu. Nimekuja kukukumbusha tu."

Watu husema ukishalitoa la moyoni unapata nafuu. Bi Kimya hakupata nafuu yoyote. Alipofika kadi ya mwisho alikuwa na hasira kuliko alipoanza, maana sasa alijua ilikuwa rahisi kiasi hicho, na kwamba miaka miwili aliyokaa kimya hakuna mtu wa kumrudishia, hata dirisha la kwenda kuidai halikuwepo.

Ijumaa, siku ya mwisho wa mwezi, aliitwa ofisini.

"Umeniaibisha," meneja alisema.

"Ndiyo."

Alisubiri zaidi. Hakukuwa na zaidi. Meneja alikuwa ameitumia wiki nzima kutafuta mtu wa kukaa dirisha namba mbili. Alimwomba Asali, na Asali akaeleza kwa lugha tamu sana kwamba mgongo unamsumbua. Alimwomba mkufunzi, ambaye alikuwa na safari. Jumatano, Bi Kimya alipokwenda kula, alikaa yeye mwenyewe, kwa dakika arobaini. Sasa mkataba ulikuwa mezani, wa mwaka mmoja, na kipengele kipya mwishoni: mhudumu atatabasamu wakati wote wa kazi.

Bi Kimya alikisoma, akachukua kalamu, akakipiga mstari. Chini yake akaandika: *Siku ya kuchukua itaandikwa na fundi tu.* Akaisukuma karatasi upande wa pili. Meneja aliitazama kwa muda mrefu, akawaza Jumatatu ijayo, akasaini.

Mkanda wa cherehani ulifika wiki ya sita, kama ilivyoandikwa. Mshonaji alikuja kuichukua, akaijaribu pale pale kwa kipande cha kitambaa. Ilizunguka vizuri.

"Na mapazia?" Bi Kimya aliuliza, na lilikuwa swali la kwanza alilowahi kumuuliza mteja.

"Nimeshakwambia, walipewa wengine." Mshonaji akainyanyua mashine. Hakusema asante, wala hakubonyeza chochote. Bi Kimya aliona ni haki yake.

Asali alibaki na utamu wake wote, ila sasa hauna tarehe. Mteja alikuwa akiitwa shemeji, kisha fundi anachungulia pazia na kusema "wiki tano", na shemeji anabonyeza nyekundu. Kufika mwezi uliofuata grafu ya dirisha la kwanza ilikuwa imefanana na ya pili, na meneja akafikia uamuzi ambao mtu wa semina angeufikia: visanduku vimeharibika. Akavifungua skrubu kwa mkono wake, akavileta vyote viwili dirishani, nyuso zikiwa juu.

Bi Kimya alivipokea, akavifunga kadi kwa uzi, akaviweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya birika jingine ambalo mwenye nalo alishalikatia tamaa.

"Lini vitakuwa tayari?" meneja aliuliza.

Alimtazama kupitia kioo, uso wake umetulia vile unavyotulia.

"Jumatatu," akasema.